Madirisha ya Bwana Mkongojo

Dirisha la nne nusura limkate Koplo vidole.

Alikuwa amelisukuma juu kama alivyoyasukuma matatu ya kwanza. Likapanda vizuri, akaliachia. Yale matatu yalikuwa yametulia huko juu bila kushikiliwa na kitu. Hili lilishuka kwa kishindo, vioo vikatetemeka, na Koplo akaruka nyuma akiwa amekumbatia mkono wake kifuani.

"Mama yangu wee! Inspekta, nyumba hii ina jini."

"Jini gani wa kukaa dirisha moja akaacha matatu?" Inspekta Sindano alimuuliza. "Lipandishe tena. Ukishaliachia, toa mikono."

Likapanda, likashuka. Inspekta akatikisa kichwa na kuchuchumaa mbele yake, magoti yakilalamika. Jina la Sindano hakupewa kwa wembamba, maana mwenyewe alikuwa mama wa mwili hasa. Walimpa wenzake wa kituoni kwa sababu maswali yake yanaingia kabla hujajua kama umechomwa.

Walikuwa ghorofa ya tatu ya Jumba la Simu, katika chumba ambamo juzi alikutwa Mwalimu amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Mwalimu alikuwa mstaafu wa somo la historia, mtu wa kofia na kalamu mfukoni, asiye na deni wala adui. Tangu astaafu kazi yake ilikuwa moja: kuzunguka majengo ya zamani ya mji na kuwasimulia watu habari za Bwana Mkongojo, msanifu aliyeujenga mji huu zaidi ya miaka mia iliyopita. Bwana Mkongojo alijenga soko, mahakama, hospitali ya wazazi, kituo cha zimamoto na shule ya wasichana. Soko liliungua, mahakama ikavunjwa. Hayo mengine yamebaki, na Jumba la Simu likihesabiwa kuwa la mwisho kutoka mkononi mwake.

Mahabusu alikuwepo tayari. Alikuwa msimamizi wa jumba, baba wa watoto wa kiume wawili waliozaliwa siku moja, na mji mzima ukimwita Baba Mapacha. Funguo zote anazo yeye. Nyundo yake haionekani. Tena Jumatatu mchana, siku ya mauaji, watu wa dukani ng'ambo ya barabara walimsikia akimfokea Mwalimu pale mlangoni, naye akajitetea kwamba ni kwa ajili ya matope ya viatu tu. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapiga mstari.

"Leo saa nane anasimama mahakamani kwa mauaji," alikuwa amesema asubuhi. "Na wewe Sindano usianze kuchimbachimba. Unataka nini tena, akuandikie kwa wino mwekundu?"

Alichokuwa anakitaka Inspekta ni maelezo ya jeraha. Daktari aliyemkagua marehemu alimwambia kwamba kilichompiga ni kitu kizito, cha mviringo, laini, hakina pembe. "Kama mchi," alisema yule daktari, na akamwonyesha punje za kutu alizozitoa kwenye nywele. Nyundo ya msimamizi ilikuwa ya kichwa cha mraba. Mkuu alipoambiwa hivyo alicheka, akasema nyundo ikitumika sana inaviringika. Mtu huyo Mungu amsamehe.

Na lilikuwepo neno moja dogo la Baba Mapacha mwenyewe. Asubuhi Inspekta alimuuliza kupitia nondo kama mtu wa nje angeweza kusikia kelele za chumbani. Akajibu kwamba ndiyo, Jumatatu asubuhi aliyafungua madirisha yote manne, hewa iingie, na yote yalikaa juu vizuri. "Mimi ndiye ninayeyatia mafuta, Inspekta. Hakuna bovu hata moja." Basi Inspekta akaja kuyaona hayo madirisha mazima.

"Njoo uone," alimwita Koplo. Chini ya fremu, upande wa kushoto, palikuwa na kifuniko chembamba cha mbao kilichoshikwa na skrubu moja. Madirisha matatu yalikuwa na vifuniko kama hicho, na skrubu zake zimezibwa kwa rangi ya miaka na miaka. Hii ya hapa ilikuwa imekwanguliwa hadi shaba inang'aa.

Koplo akaifungua kwa ncha ya kisu. Nyuma ya kifuniko palikuwa na uwazi mwembamba ndani ya ukuta, na ndani yake kamba inaning'inia haina kitu. Wakafungua upande wa kulia. Huko kamba ilipanda juu, ikapita kwenye kapi dogo, ikashuka hadi kwenye chuma kilichofungwa mwishoni. Inspekta alikitoa na kukipima mkononi. Kilikuwa cha mviringo, kirefu kuliko kiganja, kimeshika kutu kidogo.

"Kumbe hivi ndivyo yanavyokaa juu," alisema. "Uzito huku, uzito huku, dirisha katikati. Ukitoa mmoja, linadondoka."

"Kama mchi," Koplo alinong'ona.

"Kama mchi. Na mwenzake ametoka humu ndani akaenda matembezi." Akasimama kwa kujishika ukutani. "Sasa niambie, wewe ulijua kwamba ukutani kuna vyuma?"

"Mimi? Najulia wapi?"

"Basi tutafute anayejua."

* * *

Wa kwanza kuwazwa alikuwa Saruji. Watu walimwita hivyo kwa kuwa akikaa na kiwanja wiki moja kinageuka ghorofa. Mafundi wake wamebomoa nusu ya mji, na madirisha ya zamani wanayajua nje ndani. Isitoshe, Jumba la Simu alikuwa analimezea mate kwa miaka, na kilichomzuia ni jina la Bwana Mkongojo tu. Baraza la mji lilikuwa limeweka sheria kwamba lolote alilojenga yule mzee halivunjwi. Keshokutwa baraza lilikuwa likae kumaliza ubishi wa Jumba la Simu, na Mwalimu alikuwa aitwe shahidi.

Walimkuta ofisini kwake, miguu juu ya meza. Akaishusha alipoona sare ya Koplo.

"Nimekuja kukupa pole," Inspekta alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa.

"Pole ya nini?"

"Ya Mwalimu. Au furaha? Shahidi aliyekuwa akuzuie kubomoa ameondoka."

Saruji alimtazama, kisha akacheka kicheko kikavu. "Dada yangu, umepotea njia. Yule mzee alikuwa shahidi wangu mimi."

Inspekta hakupepesa. "Endelea."

"Alikuja hapa mwenyewe wiki iliyopita. Hata soda yangu alikataa, alinichukia kama kinyesi. Akasema, 'Mimi na wewe hatupatani, lakini uongo siwezi kuusemea. Jumba la Simu hakulijenga Bwana Mkongojo. Limejengwa na msaidizi wake, mtu asiyejulikana hata jina. Nikiulizwa barazani nitasema hivyo.' Nusura nimbusu! Ningemlinda yule mzee kwa askari wa kukodi kama ningejua. Mimi ndiye niliyefiwa, Inspekta."

"Nani mwingine alijua?"

"Alisema atamweleza kila anayehusika kabla ya kikao, asije akamvizia mtu. Ndivyo alivyokuwa, mnyoofu wa kuchosha. Alisema hata yule msimamizi atamwambia, ajue mapema atafute pa kuhamia."

Koplo akamtazama bosi wake. Walipotoka nje ndipo alipolisema. "Inspekta, hapo tumejichongea. Baba Mapacha anaishi mle mle, chumba cha chini, yeye na mkewe na watoto. Jumba likivunjwa hana kazi wala pa kulala. Sasa sababu ya kuua anayo."

"Anayo," Inspekta alikubali, na moyo ulimuuma kusema hivyo, maana asubuhi ile alipita mbele ya Mama Mapacha aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kituo na chupa ya chai ambayo hakuna aliyemruhusu kuiingiza. "Na ndiyo maana alitudanganya kwamba walikuwa wanagombania matope ya viatu. Lakini jiulize kitu kimoja. Mtu ameng'oa chuma dirishani akaua nacho. Halafu askari akija, yeye mwenyewe anamwambia, 'Madirisha yangu yalikuwa mazima, nendeni mkaangalie'? Mjinga wa namna hiyo bado hajazaliwa."

"Mkuu atasema amezaliwa."

"Mkuu atasema mengi. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu."

"Twende kwa binti wa marehemu. Nataka kujua mzee alijuaje."

Binti alikuwa anapokea waombolezaji uani, macho yamevimba. Aliposikia swali alitabasamu kwa mara ya kwanza, na tabasamu hilo likamtoa machozi upya.

"Magoti," alisema.

"Magoti gani, mwanangu?"

"Ya baba. Yalikuwa mabovu, mnajua alivyokuwa akitembea. Bwana Mkongojo naye alikuwa kiguru. Alianguka kwenye jukwaa la ujenzi akijenga jengo lake la kwanza, akavunjika nyonga, akatembelea mkongojo hadi kufa. Tangu siku hiyo vidato vya ngazi zake zote alivifanya vifupi vifupi, mguu usipandishwe sana. Baba alikuwa anapanda hospitali, shule, kote huko, hata hatweti. Lakini kila akipanda Jumba la Simu alirudi hapa ananiomba maji ya moto ya kukanda. Mwaka mzima nikimwambia, baba, unazeeka. Siku moja akaja amechangamka kweli, akasema, 'Binti yangu, sizeeki! Ngazi za pale si za kiwete mwenzangu!'"

Akajifuta uso kwa kanga. "Alifurahi sana, Inspekta. Aliona kama amemfufua yule msaidizi aliyesahauliwa. Jumatatu akavaa koti lake, akasema anakwenda kumwonyesha rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Hakusema. Alisema tu, 'Itamuuma, lakini ni msomi, atanielewa.'"

* * *

Msomi wa majengo aliyekuwa rafiki wa Mwalimu ni mmoja tu, Profesa, mkuu wa Idara ya Majengo ya Kale. Idara hiyo ilikuwa ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto, jengo la pili la Bwana Mkongojo. Inspekta alipanda ngazi zake hadi ghorofa ya pili, na alipofika juu akagundua kwamba hahemi. Alirudi hatua tatu chini, akaweka kiganja chake wima dhidi ya ngazi. Mkono ukazidi kimo cha kidato kwa kidole kizima. Kule Jumba la Simu, alipopanda asubuhi, alikuwa amesimama mara mbili kujifanya anaangalia ukuta.

Mama wa mapokezi aliwakaribisha kwa maneno mengi. Profesa yupo, alisema, waingie tu, bahati yao leo mle ndani kuna hewa.

"Kwani siku nyingine hakuna?"

"Dirisha lake lilikuwa bovu tangu niajiriwe. Wauza vyuma chakavu walichomoa sijui nini, likawa halikai. Alikuwa analiwekea fimbo. Basi jana asubuhi nakuta fimbo pipani, dirisha liko juu lenyewe! Nikamwambia, Profesa, wewe unatibu majengo kweli kweli."

Inspekta na Koplo walitazamana.

Profesa alikuwa mtu mrefu, mpole, suti yake imechakaa viwikoni. Kuta zake zote zilikuwa picha za majengo ya mtu mmoja. Katika maelezo aliyoyatoa kituoni juzi alisema kwamba Jumatatu alishinda hapa, na kwamba Jumba la Simu hajalikanyaga karibu mwaka. Alimlilia Mwalimu mbele ya karani hadi karani akamletea maji.

"Nimekuja kusoma, Profesa," Inspekta alisema. "Nieleze huyu Bwana Mkongojo."

Weee! Kumbe ndio ufunguo wa mdomo wake. Alieleza habari za kijana aliyekuja mjini kuchora ramani za mifereji, akapandishwa kuwa msanifu wa mji kwa sababu waliomtangulia walikufa kwa homa. Na alivyoweka feni za mbao hospitalini na milango ya shule inayofunguka nje ili watoto wasikanyagane. Alieleza namna baraza lilivyomkata mshahara na bado akaendelea kujenga. Aliongea huku akiigusa picha moja moja, na Inspekta, ambaye hapendi kudanganyika, aliona kwamba mapenzi yale ni ya kweli.

"Na Jumba la Simu?"

"Ndilo la mwisho. Ndilo bora kuliko yote. Nimelipigania miaka ishirini, Inspekta. Nimekula kiapo barazani kwamba ni lake."

"Mbona ngazi zake ni ndefu?"

Mkono wa Profesa ulibaki juu ya picha. "Labda nafasi ilikuwa finyu. Alishakuwa mzee."

"Mtu anazeeka na mguu mbovu, ndipo anajenga ngazi za kumtoa roho?"

Inspekta akaenda dirishani, akalishusha, akalipandisha. Likabaki juu. "Zuri hili. Koplo, fungua vifuniko tuone linavyofanya kazi."

Koplo akatoa kisu chake.

"Si kwa kisu!" Profesa alipiga kelele, akainuka. "Utaipasua mbao, hiyo ni ya tangu mwanzo! Kuna bisibisi pana kwenye mtoto wa meza wa kulia. Zungusha polepole, usiibane."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Koplo alikuwa amesimama na kisu mkononi, mdomo wazi.

"Asante," Inspekta alisema kwa upole. "Tutazungusha polepole."

Upande wa kulia kilitoka kipande cha madini ya risasi, cha mraba, kizito, kimekatwa pembe nadhifu. Upande wa kushoto kilitoka chuma cha mviringo, kimefungwa kwa kamba mpya. Kilikuwa kimesafishwa vizuri, isipokuwa kwenye tundu la kamba, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Palikuwa na weusi uliokauka na unywele mmoja wa mvi. Inspekta alivilaza vyote viwili juu ya leso yake mezani, ubavu kwa ubavu.

Profesa aliketi. "Alinipeleka mwenyewe," alisema. "Nilibisha habari za ngazi. Nikamwambia, tufungue dirisha, Bwana Mkongojo alisubu uzito wa madirisha yake mwenyewe kwa risasi, vipande vya mraba, kila jengo. Nikafungua mimi. Nikakitoa mimi. Nikaona ni cha mviringo." Akakitazama kile chuma. "Hakunicheka. Angenicheka labda ingekuwa afadhali. Alinishika bega akasema, 'Pole, ndugu yangu,' akageuka kutazama nje. Sijui niliinuaje mkono."

"Mji huu una mto," Inspekta alisema. "Una madampo, una visima. Kwa nini hukukitupa?"

Profesa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ni kitu cha zaidi ya miaka mia, Inspekta. Maisha yangu yote nawafokea watu wanaotupa vitu kama hivi. Nilifika darajani. Nilisimama pale. Mkono ulikataa."

Koplo alianza kuandika. Profesa akainama mbele, sauti ikashuka.

"Nisikilize. Mtu wenu wa kituoni hana hatia, mtoeni. Nitakiri kila kitu, nitatia saini hapa hapa, hamtahangaika na mawakili. Semeni niligombana na mzee kwa wivu wa kazi, inatosha. Ila msivionyeshe hivi viwili pamoja. Chukueni hiki cha mviringo, hiki cha mraba kirudisheni ukutani. Mtu akiviona pamoja, Jumba la Simu limekwisha. Watalivunja kabla ya mwezi. Na ni zuri, Inspekta. Aliyejenga awe nani, ni zuri."

Inspekta alitazama vile vipande. Ni kweli lilikuwa zuri. Hata asubuhi, akihema ukutani, alikuwa ameliona. Na yule msimamizi aliyekuwa amtoe leo ndiye ambaye angelala nje likivunjwa.

"Mwalimu alikuja kukwambia kabla ya kikao," alisema mwishowe. "Hakukuvizia. Alitaka kitu kimoja tu, hicho alichokuona nacho mkononi kisemwe jinsi kilivyo. Nikikifukia mimi, nitakuwa nimempiga mara ya pili."

Akakunja leso juu ya vyuma vyote viwili, akaifunga fundo, akampa Koplo. Kisha akatoa simu akampigia Mkuu wa kituo. Mazungumzo yalikuwa mafupi na upande mmoja ulikuwa na kelele. Alipomaliza, aliomba apewe mwanamke aliye kwenye benchi.

"Mama Mapacha, ni mimi. Mumeo anatoka. Ndiyo, sasa hivi. Hapana, hakuna mahakama."

Upande wa pili palikuwa na kilio, kisha watu wakiulizana kuna nini, kisha sauti ile ikarudi karibu, imejaa pumzi.

"Tunarudi nyumbani, Inspekta? Wote?"

Inspekta alimtazama Profesa, ambaye alikuwa amegeuza uso.

"Leo mnarudi," alisema. "Leo, ndiyo."